Jicho la Samaki

Mashimba alipomwambia daktari kwamba picha yake ya zamani ya kifua ipo nyumbani, tena imetunzwa vizuri sana na mke wake, Roza aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

"Mke wangu huyu hatupi kitu, daktari," Mashimba aliendelea, akimwonyesha kwa kidevu. "Hata ndoo ikitoboka, kwake inapata kazi. Picha ipo. Si ipo, Mama Mhoja?"

"Ipo," Roza alisema, akiiambia sakafu.

Na kweli ilikuwepo. Hakudanganya. Ila haikuwa mahali pamoja.

Daktari Chenge alikuwa binti mwenye miwani mikubwa na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. Aligeuza kioo cha kompyuta ili wawili hao waone. Pale kwenye kioo, mashine ya siti skani ilikuwa imemkata Mashimba vipande vyembamba vyembamba, kama mtu anavyokata nyanya za kachumbari kwa kisu kikali, na daktari akawa anavipitia kimoja kimoja kwa kuzungusha kidole: mabega, mapafu mawili meusi, moyo. Akarudi juu kidogo, akasimama. Ndani ya pafu la kulia, upande wa juu, chini ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, palikuwa na kitone cheupe.

"Hiki ndicho nilichowaitia. Tunakiita kinundu. Ukubwa wake ni kama punje ya hindi."

"Punje tu?" Mashimba akacheka. "Mimi nimekula magunia."

Alicheka peke yake, kicheko kikaisha mapema.

"Mzee wangu, vinundu vya mapafuni vipo vya namna nyingi," daktari alisema. "Kingine ni kovu la ugonjwa uliokwisha. Kingine ni saratani inaanza. Hiki chako nimekitazama kila upande. Kingekuwa na chokaa ndani, ningefurahi. Kingekuwa na miiba pembeni, ningeogopa. Hakina hiki wala kile. Kimekaa tu, kinanitazama."

"Sasa utakijuaje?"

"Kwa muda. Saratani inakua, kovu linakaa vilevile. Ndiyo maana naitaka hiyo picha yako ya miaka ile. Kama punje hii ilikuwepo tangu wakati ule, na ukubwa ni huuhuu, tutapumua. Kama haikuwepo, basi ni mgeni, na mgeni wa namna hiyo kwa mtu aliyevuta sigara ujana wake wote, simpendi. Alhamisi tunakaa jopo la madaktari. Bila picha tutaamua sindano: tunapita katikati ya mbavu, tunachukua kinyama kidogo, tunakipima."

Mashimba akasimama, kofia mkononi. "Sindano sichomwi."

"Mzee..."

"Kaka yangu Yeremia alichomwa uvimbe wa shingo. Ulikuwa umelala, wakauamsha. Hakufika mavuno."

"Kilichomuua ni ugonjwa, si sindano."

"Mimi nilimzika na vyote viwili." Akavaa kofia. "Picha utaletewa, mwanangu. Usihangaike na sindano."

Roza alikuwa bado yuko chini, na kamba zake zisizokuwepo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule Mashimba alikohoa hadi mbavu zikamuuma, akapigwa eksirei, akapewa dawa, akapona. Enzi hizo hospitali haikubaki na picha yako. Ulikabidhiwa ndani ya bahasha ya kaki, ukaenda nayo kwako kama mtu aliyenunua kitenge. Roza akaiweka kabatini. Mwaka uliofuata jua likapatwa. Mkolani nzima, mtaa wao wa Mwanza, ilitaka kutazama, redio ikaonya watu watapofuka, na mjuaji mmoja wa mtaani akasema dawa ni kutazama kupitia picha ya eksirei. Daktari wa macho asisikie. Roza akatoa bahasha, na kifua cha Mashimba kikazunguka mtaa mzima, kila mtu akilitazama jua kupitia mbavu zake.

Siku hiyohiyo kikundi cha kudarizi cha akina mama wa jumuiya ya kanisa kilikuwa kimekaa uani kwa Roza. Walikuwa wanashona vitambaa vya makochi, na shida yao ilikuwa mifano ya kuchorea, vile vipande vinavyofuatishwa kwa kalamu. Mifano ya boksi ililegea, kona zikafa, jogoo akaanza kufanana na bata. Teodora, mwenyekiti, akaishika ile picha, akaigonga kwa ukucha. "Hii hailegei," akasema. Mkasi ukaja. Mashimba alikuwa amepona, anakula, anapiga kelele kama zamani; nani anatunza picha ya kikohozi kilichokwisha? Wakakata jogoo, wakakata jani, kopa, ua na samaki. Mabaki yakaingia jikoni kwenye moto, yakatoa harufu mbaya, nao wakacheka.

Roza alikuwa amecheka kuliko wote.

*

Kuanzia siku ya daktari, Roza hakukaa. Alifagia uwanja, akaufagia tena kabla vumbi halijapata nafasi ya kurudi. Aliinjika maji ya ugali, akatoka kwenda kuchuma mchicha, akarudi na kuni. Kuku walimwona wakamkimbia. Mashimba naye, mtu wa kigoda na redio, akawa anatembea ndani ya nyumba akifungua kila chenye mfuniko. Walipishana koridoni kama wasafiri stendi.

"Mama Mhoja, umeiweka wapi hasa?"

"Tazama sanduku la bati."

"Nimelimwaga lote."

"Basi kabatini."

"Kabatini nimekuta cheti cha ubatizo cha Mhoja, suruali niliyofungia ndoa na mtego wa panya. Mapafu hayamo."

"Labda kuna mtu niliyemwazima."

Mashimba akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nani ameazima kifua changu? Kwa shughuli gani?"

Roza akaweka fagio chini, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu asubuhi, na kochi lilimshangaa.

"Baba Mhoja, nilikukata."

"Ulinikata?"

"Wewe kwenye picha. Tulikata mifano ya vitambaa. Mimi na kikundi."

"Kwa mkasi?"

"Ule wa Teodora. Wangu ulikuwa butu."

Mashimba aligeuza kichwa taratibu, akatazama makochi yake, moja baada ya jingine. Yote yalivaa vitambaa vyeupe. Jogoo mwekundu kwenye hili, makopa kwenye lile, na kwenye kochi lake mwenyewe, pale anapolaza kichwa akisikiliza taarifa ya habari, samaki wa buluu mwenye jicho jeupe.

"Hawa wote ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kopa ulilikata wapi? Moyoni?"

"Tumboni."

"Moyo je?"

"Moyo uliingia kwenye jogoo."

"Afadhali," Mashimba alisema, na kwa muda mfupi Roza alidhani mambo yameisha. Lakini mume wake alikuwa amekishika kifua, upande wa kulia, juu, kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta kifungo cha shati. "Na ile punje iliingia kwa nani?"

Roza akaokota fagio.

"Kama iliingia motoni, imekwisha," Mashimba akasema. "Alhamisi siendi. Siendi kukaa mbele ya watoto wale nikichomwa kwa sababu mke wangu alitaka jogoo." Akaenda kukaa nje, na redio hakuiwasha.

Mashimba angepiga kelele, Roza angejua la kufanya. Ukimya wake ulimtoa nyumbani mbio.

*

Teodora aliweka mifano ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati la vyombo. Kwanza alitaka kujua inatakiwa kwa kazi gani. Alipoambiwa, akakaa chini na kopo mapajani.

"Yesu wangu. Kwa hiyo miaka yote hii mimi nilikuwa nachorea mapafu ya shemeji?"

"Na moyo."

"Moyo wa shemeji ninao mimi?" Teodora akafungua kopo haraka, kana kwamba moyo unaweza kufa kwa kukosa hewa. "Shika, shika! Mume wangu asije akasikia."

Jogoo alikuwemo, jani, kopa na ua. Samaki hakuwemo.

Roza aliporudi na kopo, Mashimba aliingia ndani bila kuitwa. Walivibandika vipande kwenye kioo cha dirisha kwa utepe wa gundi wa kufungia zawadi, mwanga ukapita, na kifua kikaanza kutokea, chenye mianya. Jani ndilo lililowaonyesha pa kuanzia, maana lilikuwa na mtulinga uliopinda. Mashimba alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa kijana, akavunjika bega la kushoto.

"Huyo ni mimi," alisema, akiligusa jani. "Huo mpindo naujua."

Jogoo akakaa katikati, kavimba moyo. Kopa likaenda chini tumboni, ua likajibanza chini kulia. Juu kulia, pale chini ya mtulinga wa pili, palibaki kioo kitupu, na kupitia kioo hicho ulionekana mpapai wa jirani.

"Hapo," Mashimba alisema.

"Hapo ni samaki," Roza alisema. "Au moto."

"Samaki yuko wapi?"

Roza akafunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea. "Kwa Adoyo."

"Lo!" Mashimba akasema, akakaa.

Maana Adoyo na Roza hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mingi. Walitoka wote Mara, wakaolewa wote Mwanza, wakakaa wakichoteana maji na siri. Kilichowatenganisha ni samaki. Yeye ndiye kitambaa kilichopendwa kuliko vyote. Hapakuwa na harusi Mkolani bila samaki wa buluu kwenye makochi ya bibi harusi. Paroko alipokuja kutembelea kikundi na kuuliza nani aliyembuni samaki mzuri hivi, Roza alisimama mbele ya wote akasema ni yeye, na hata lile jicho alilitia mwenyewe kwa rangi nyeupe ya kucha. Adoyo akasema huo ni uongo, tena mbele ya padri. Yakatoka maneno. Adoyo akahamia Sengerema kufungua mgahawa, bila kuaga, na samaki akaondoka naye.

*

Siku hizi lipo daraja, lakini kivuko cha Kamanga ndicho kilichomfaa Roza, kwa sababu kwenye kivuko mtu anaweza kutembea. Alitembea. Alikwenda mbele akarudi nyuma, akapita kati ya malori na mizigo ya ndizi, mpaka baharia mmoja akamwambia, "Mama, ukikaa pia tutafika."

Mgahawa wa Adoyo ulikuwa karibu na stendi ya Sengerema, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilimpokea Roza kabla ya mlango. Akasimama nje. Dirishani, kwenye uzi, alikuwa ananing'inia samaki. Mweusi, wa kung'aa, anazunguka taratibu upepo ukimgusa, na kila alipogeukia jua zilionekana ndani yake mbavu mbili, kisha tatu.

"Karibu ndani, sato yupo, sangara yupo!" Adoyo alipiga kelele akiwa amempa mgongo. Akageuka na sahani mkononi. "Yoo! Nyar Shirati!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita tangu zamani, binti wa Shirati. Jina lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba wamegombana. Alipokumbuka, akanyoosha uso.

"Miaka yote hii maji yalikuwa hapohapo na hukuvuka. Leo umefiwa na nani?"

"Bado," Roza alisema.

Adoyo akaweka sahani chini.

"Mume wangu ananing'inia dirishani kwako," Roza akasema, na machozi yakamtoka kwa namna ya kicheko.

"Wee! Mimi nimchukue yule Ngosha wako wa Kisukuma nimweke dirishani? Nimekosa pazia?"

Roza akamweleza yote, akisimama, akikaa, akisimama tena. Wateja wawili waliacha samaki wao wapoe. Alipomaliza, Adoyo alipanda juu ya kigoda, akakata uzi kwa meno, akashuka na samaki. Lakini hakumtoa. Alimshika kifuani kama mtoto.

"Samaki ni wa nani?"

"Adoyo, mtu anaumwa."

"Mgonjwa tutamwombea. Nakuuliza samaki ni wa nani."

"Wa mume wangu."

Wateja wakacheka. Adoyo naye midomo ilimcheza, akaizuia. "Ujanja wako haujazeeka. Haya, na jicho?"

Roza akatazama sufuria ya mafuta.

"Basi nikwambie mimi. Ile karatasi nilipoiinua juani, niliona kitone cheupe. Nikasema, hili jicho tayari, lililobaki ni kulitafutia samaki. Nikachora mwili kulizunguka. Sikuligusa. Halafu wewe ukasimama mbele ya paroko na rangi yako ya kucha!"

Roza akamchukua samaki, akamwinua kwenye mwanga. Lilikuwepo. Dogo, jeupe, la duara lisilo duara kabisa. Ukubwa wa punje ya hindi.

Akamshusha haraka. Si kwa furaha. Kama jicho lile lilikuwemo tangu mwanzo, Mashimba amepona. Kama ni rangi ya kucha, hapo hapana kitu, na kinundu kilicho kifuani mwake ni kigeni. Na Roza hakukumbuka. Alikuwa ameisimulia habari ile ya rangi mara nyingi, kwa wageni, kwa wakwe, kwa mapadri wawili waliofuata, kila mara akiongeza kidogo, jinsi alivyoloweka njiti ya kiberiti, jinsi alivyobana pumzi, hata sasa alikiona kichupa chenyewe kimesimama kwenye meza.

"Adoyo, una hakika hukuniona nikipaka?"

"Mnamsikia huyu? Miaka yote ananiita mwongo, leo anataka niape!" Lakini alipomwona mwenzake uso umebadilika, akateremsha sauti. "Nyar Shirati. Rangi ya kucha uliitolea wapi, wewe uliyekuwa unasema kucha nyekundu ni za wahuni?"

"Ilikuwa nyeupe."

"Ndiyo nakuuliza, uliitolea wapi?"

Hata hilo hakulikumbuka. Adoyo akamfungia sato wawili kwenye gazeti, akamsindikiza hadi stendi, na samaki wa tatu akapanda ndani ya mkoba, katikati ya kitabu cha nyimbo.

Kwenye kivuko simu iliita kabla hawajang'oa nanga.

"Uko wapi?" Mashimba.

"Nchi kavu, karibu na maji."

Ikaita tena.

"Sasa?"

"Majini."

"Umenipata?"

"Nimekupata. Uko ndani ya mkoba."

"Na punje?"

Roza akatazama ziwa. Mawe ya Mwanza yalikuwa yanakuja, makubwa, yamebebana bila haraka yoyote. "Kuna jicho," akasema.

"Jicho la nani?"

"Mtandao unakata, Baba Mhoja." Akakata yeye.

Alimtoa samaki, akamrudisha. Akamtoa. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa unamwasha. Angekwangua kidogo tu, angejua. Rangi ingebanduka. Lakini je, kama ndiyo punje yenyewe, naye akaibandua? Angefika nyumbani na samaki kipofu na mume asiye na ushahidi. Akakikalia kidole. Kweli, alikaa juu ya mkono wake mpaka Mwanza, na baharia yule akapita akasema, "Umeona sasa, mama? Tumefika."

*

Alhamisi Daktari Chenge alilifungua kopo la biskuti, akatazama ndani, akatazama wazee wale wawili waliovaa nguo za kanisani, akavua miwani.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi," Mashimba alisema. "Anza na jani."

Daktari hakucheka, ingawa shavu lilimtetemeka. Aliwasha taa ya kusomea picha, ile ya ukutani ambayo siku hizi karibu imesahaulika kwa kompyuta, akaanza kuvipanga. Jani na mpindo wake. Jogoo. Akahesabu mbavu kwa ncha ya kalamu, akasogeza ua, akarudisha. Mwisho akamchukua samaki. Mkia wake ukalala begani, kichwa kikaingia mwanya uliokuwa umebaki, na mbavu zilizokatwa kwa jogoo zikaendelea ndani ya samaki kana kwamba hapajawahi kupita mkasi.

Jicho likatua pale chini ya mtulinga wa kulia.

Daktari akasogea karibu. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Hili jicho, nani alilitia?"

Mashimba akamtazama mke wake. Hakuwa ameambiwa.

"Daktari," Roza alisema, "watu wote wa Mkolani watakwambia nililitia mimi. Kwa rangi ya kucha. Nilisema mbele ya paroko."

"Ulilitia?"

"Nilisema nililitia."

"Mama, sikuulizi ulisema nini."

"Sijui, mwanangu. Nimelisema mpaka nikaliamini. Mwenzangu aliyemchora samaki anasema lilikuwemo. Mimi nilimwita mwongo. Naomba iwe mimi ndiye mwongo."

Mashimba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

Daktari alimbandua samaki, akamlaza kwenye kiganja, akamwinamisha kwenye mwanga huku na huku. "Rangi hukaa juu, ikang'aa," alisema, "lakini hapa pote panang'aa. Huyu samaki ameishi wapi?"

"Mgahawani."

"Naam." Akachukua pamba, akailowesha spiriti, akaanza kusugua. Roza akageukia ukutani. Ukutani palikuwa na kalenda, akaisoma kalenda yote, na mwezi uliopita, na jina la duka lililoitoa. Alisikia pamba ikikwaruza. Alisikia nyingine ikichukuliwa.

"Mama, tazama."

Pamba ilikuwa ya njano, nzito, inanuka sato. Na samaki, akiwa msafi kuliko alivyowahi kuwa tangu aondoke Mkolani, bado alikuwa anawatazama kwa jicho lake jeupe.

"Haliko juu," daktari alisema. "Limo ndani ya picha."

Akalipima kwa rula. Akaenda kwenye kompyuta, akapima pale pia. Akarudi kwenye samaki akapima tena, kisha akakusanya vipande vyote kwenye kopo na kutoka navyo kwenda kwenye jopo. Wazee wakabaki. Roza alitembea toka mlangoni hadi dirishani, toka dirishani hadi mlangoni, na safari hii Mashimba hakumwambia akae. Alisimama akatembea naye.

Daktari aliporudi, alianza kuzungumza kabla ya kuketi, jambo ambalo Roza alilishukuru maisha yake yote.

"Tumekubaliana. Picha ya zamani si kama skani, haioni ndani kiasi hicho, kwa hiyo siwezi kukuapia, mzee. Lakini kitu ni kilekile, mahali ni palepale, na kwa miaka yote hii hakijakua kwa kiasi tunachoweza kukipima. Saratani haina subira hiyo. Tunaamini ni kovu la kile kikohozi chako. Sindano tumeiweka kando. Utarudi baada ya miezi sita tukupige skani nyingine, tujiridhishe."

Mashimba akaketi. "Naomba maji," akasema, na alipoletewa hakunywa, aliyashika tu.

"Na sigara?" daktari akauliza.

"Niliacha."

"Usirudie. Na huyu samaki nimempiga picha, yumo kwenye kompyuta, lakini mtunzeni. Asirudi kwenye mafuta."

Walitoka hadi kwenye ukumbi wenye mabenchi. Mashimba alikuwa anakohoa kidogo na kucheka kidogo, hujui kipi kinamsukuma mwenzake. "Jogoo," alikuwa anasema peke yake. "Moyo uko kwenye jogoo." Kisha akamgeukia mkewe. "Mpigie."

"Nani?"

"Unamjua."

Roza alitamani kufunga kamba za viatu. Leo alikuwa amevaa viatu vyenye kamba, na zilikuwa zimefungwa. Akatoa simu.

"Sema!" Adoyo alipokea mara moja, nyuma yake mafuta yakichemka.

"Hana kitu. Ni kovu. Jicho lilikuwemo tangu zamani."

Upande ule kikasikika kigelegele kirefu kilichowafanya wagonjwa wa benchi zima kugeuka. Kilipoisha, Adoyo akasafisha koo.

"Na samaki ni wa nani?"

Roza akafumba macho. "Wako."

"Sikusikii. Sema kwa nguvu, nimeweka spika, wateja wanataka kujua."

"Samaki ni wako, Adoyo!" Roza akapaza sauti mpaka muuguzi mmoja akatoa kichwa mlangoni. "Ulimchora wewe, nilikusingizia, na Jumapili nitasimama kwenye jumuiya niseme."

"Asante. Basi nirudishie, dirisha langu liko wazi."

Roza akamtazama Mashimba, aliyekuwa amelikumbatia kopo la biskuti kama mtu aliyetoka kubatizisha mtoto.

"Samaki ni wako," akasema. "Jicho ni la mume wangu, nalo linarudi nyumbani."